Mkwe Aliyemnywesha Mama Chupa

Admin, jina langu libaki kwako. Niko na miaka hamsini na nne, naishi Kitengela, na mwanaume niliyeachana naye zamani anataka kuletwa mbele ya wageni wangu akiitwa Daktari.

Nilipoolewa miaka ya tisini alikuwa karani kwa ofisi fulani Kajiado. Alisimamishwa kazi, akakaa nyumbani akiota kitambi. Jirani yetu Mmaasai, tulimwita Yeyo, alikuwa ametuonyesha dawa za kwao bila kuficha: olkiloriti, gome la kuchemsha na supu ili nyama isilemee tumbo, osokonoi ukiwa na mafua na kifua, shubiri ya kupaka kidonda kidogo. "Hii ni ya mambo madogo," alitwambia. "Ugonjwa mkubwa, enda hospitali."

Bwana yangu alisikia nusu ya kwanza tu. Haikupita muda akafungua kibanda karibu na stage ya matatu, na koti jeupe la mtumba na chupa za soda zimejaa maji meusi. Kila kitu alikichanganya na mwarobaini, kwa sababu aliamini dawa ikiwa chungu sana mteja haulizi maswali. Maji hayo hayo yalitibu presha, sukari, utasa, hata mtu aliyekosa kazi. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi.

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa sukari. Nilimtoa Bungoma ili awe karibu na kliniki, nikamkodishia chumba plot ya pili kutoka kwetu, maana kwetu mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe. Nikienda kazi, Daktari alikuwa anampelekea chupa.

"Mama, hizo tembe zinakumaliza figo," alimwambia. "Ziwache kabisa, kunywa hii."

Mama alitii, kwa sababu kwake mkwe si mtu wa kubishana naye. Mimi hakuniambia. Akapata kidonda kwa kidole cha mguu, kikaoza ndani ya soksi, mpaka jioni moja nikampata ameanguka, haongei. Hospitali waliokoa maisha yake, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

Mnajua mwanaume huyo alisema nini pale wadi? "Shida ni hakumaliza dozi."

Baadaye alishikwa na typhoid. Sikumwona akigusa chupa hata moja. Alifika hospitali kabla geti ifunguliwe, na akidungwa sindano alilia. Nilimwangalia tu. Nikahama na msichana wetu, Brenda, na sijawahi kujuta.

Sasa Brenda anaolewa, na watu wa kijana wanakuja kwangu kuleta mahari. Amemtafuta babake, ambaye bado anauza chupa huko Tuala. Huyo baba amekubali kuja kwa sharti moja: atambulishwe kama Daktari.

"Mum, ni jina tu," Brenda ananiambia. "Nataka baba yangu akae mbele." Na kisa chote anakijua.

Nilimpigia mama simu Bungoma, alikorudi baada ya mguu kukatwa. Akasema polepole, "Nitakuja. Lakini huyo akiitwa daktari nikisikia, nitasimama na magongo yangu niwaonyeshe wageni matibabu yake."

Brenda anasema kama ni hivyo, nyanya abaki Bungoma. Ninyi wenye busara mnaosoma hapa, nisaidieni, moyo umegawanyika: nimfungie mlango nani, baba ya bibi harusi ama mama yangu?