Maoni ya Bibi Selina Juu ya Kitabu cha Mashine ya Macho

Bibi Selina hakujua kusoma hata jina lake, lakini katika kikundi chetu cha vitabu hapa Buswelu hakuna aliyemzidi kusikiliza. Kila Jumapili baada ya ibada tulikaa barazani kwa mwalimu mstaafu Josepha, Mhaya mwenye sauti ya kuamrisha. Yeye alitusomea, sisi tukatoa maoni. Mimi ni fundi cherehani, sina elimu ya kujivunia, ila nasema ukweli: wengi wetu maoni yetu yalikuwa ya kuazima. Ya Selina yalikuwa yake mwenyewe.

Ujane ulimkuta mapema. Alimlea mtoto wake mmoja kwa kubanika samaki kule Igombe, miaka nenda rudi ameinamia moshi, mpaka macho yakawa mekundu na yakabaki hivyo. Sisi Wasukuma tunajua kikongwe mwenye macho mekundu huitwa nini. Tunajua, tunanyamaza, halafu tunaenda kanisani.

Mwaka huu mwalimu alileta riwaya ya kubuni kuhusu miaka ijayo. Ziwa limekauka, watoto wanakufa kwa kiu, na wakubwa, badala ya kutafuta maji, wanaleta mashine ya kutafuta wachawi kwa kukagua macho ya wazee. Ikiona wekundu, mzee anapakiwa kwenye chombo na kurushwa angani, asirudi tena.

Mwalimu alisema kitabu kinatusema sisi. Obedi, fundi pikipiki anayepakana ukuta na Selina, alisema mwandishi amekosea kuifanya mashine iwe mbaya.

"Mashine haina chuki, mwalimu. Ingekuwepo kweli, watu wasingeonewa."

Wengi wakakubaliana naye. Nilichukia, nikawaambia mashine hutengenezwa na watu, na watu wenyewe ndio hawa. Wakanicheka.

"Bibi, na wewe unasemaje?" mwalimu akauliza.

"Huyo kikongwe wa kitabuni mzembe," Selina akajibu. "Anangoja serikali imrushe ya nini? Mimi naruka kila wiki kwenda Sengerema, kivuko nakiona kwa chini."

Baraza zima likaangua kicheko. Dorcas, binti mdogo wa Obedi, akamrukia mapajani akidai naye apelekwe. Selina alimwita mke mwenza, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu.

"Nitakupeleka, mke mwenzangu. Tukifika huko haturudi!"

Obedi mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi.

Masika yalipoanza, Dorcas akashikwa na homa. Baba yake alidhani ni mafua, akampa dawa ya dukani. Walipofika hospitali degedege lilikuwa limeshamkamata. Alikufa mikononi mwa mama yake.

Hapo maneno ya barazani yakaanza kutembea mtaani bila kicheko chake. Alisema atampeleka. Alisema hawarudi. Wapo wanaoamini mtoto wa namna hiyo hajafa, amefichwa na aliyemchukua, na mchawi akifa mateka wake hurudi nyumbani. Mwalimu Josepha alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza kwamba ule ulikuwa utani, habari ya kitabu tu. Wakamjibu kwa adabu zote:

"Shikamoo mwalimu. Kitabu ulisoma wewe. Yale maneno alisema yeye."

Nilimsihi Selina akimbilie kwa mwanawe Misungwi.

"Nikiukimbia msiba wa jirani nimekiri," alisema. "Na yule mtoto nilimpenda. Nitaenda kulia kama watu."

Akaenda. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakasogeza ungo wao. Hakuna aliyempa shikamoo. Akakaa chini peke yake, akalia.

Obedi akainuka upande wa wanaume, akaja moja kwa moja. Nilidhani atampiga, nikasimama. Akapiga magoti.

"Bibi, kama uko naye Sengerema, mrudishe. Mrudishe tu. Sitakuuliza kitu, na hakuna atakayekugusa."

Alikuwa akisema kutoka moyoni. Niliwahurumia wote wawili. Selina akamshika kichwa.

"Mwanangu Obedi, ningekuwa na uwezo huo ningekuwa nimeshamleta. Siwezi."

Obedi akayatazama macho yale, mekundu na sasa yamevimba kwa kulia.

"Hutaki," akasema.

Wiki haikuisha. Asubuhi tulimkuta Selina mlangoni kwake, amekatwa mapanga. Polisi walikuja wakauliza, na mtaa mzima, eti, ulikuwa umelala fofofo. Mwanawe akaja kuuchukua mwili. Kutoka Buswelu tulikwenda kumzika Misungwi mimi na mwalimu Josepha peke yetu.

Nilirudi nimejiandaa. Nilikuwa na matusi ya kumtosha kila mwanamume wa mtaa ule, na nilipanga kuanza na Obedi. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha Selina, amevaa shati safi, ameshika kigauni cha Dorcas kilichopigwa pasi, anaitazama barabara.

"Dada," aliniuliza, "mbona mtoto hajarudi?"