Uzi wa Ziwa la Mlimani

Daktari alipomkataza mume wangu kuvua tena katika Ziwa Tanganyika, hakulia wala hakubishana. Alisema tu kwamba anataka kwenda milimani, kwenye ziwa dogo la baridi ambamo watu wa zamani walimwaga truite, samaki wa Kizungu wenye madoa. Nilimwona amechanganyikiwa. Mtu ambaye kifua kimemwisha kwa kukohoa anafuata baridi? Lakini kichwa chake kilikuwa kigumu tangu namjua. Mdogo wake akatupakia kwenye gari lake hapo Nyakabiga, mtaani kwetu, nikabeba mablanketi na chai ya tangawizi.

Kule juu ukungu ulikuwa umeyalalia maji. Mume wangu akatupa ndoano, kisha akachukua fimbo akaanza kuyapiga maji, kama walivyozoea wavuvi wa huku chini wanapowasukuma samaki wavuni. Maji yale ni maangavu, unaona mpaka mawe ya chini. Nikaona vivuli vya samaki vikikimbilia ng'ambo, vyote.

"Umeshawafukuza, baba watoto," nikamwambia.

"Mi nazoea Tanganyika tu," akajibu, akakaa kwenye jiwe. Mdogo wake alitaka kucheka, akajizuia. Niliumia sana kumwona vile, mvuvi mzima amekuwa mgeni wa maji.

Tulingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Jua lilipotoka, uzi ukakazika, samaki amenasa. Akasimama haraka, akavuta kidogo, kikohozi kikamkamata, akainama mpaka nikadhani anaanguka. Alipopata pumzi akaninyooshea uzi.

Wavuvi wa kwetu hawataki mwanamke aguse vyombo vyao. Wanasema ataleta mkosi, safari inayofuata watarudi mikono mitupu. Tangu aliponioa, nyavu zikianikwa uani mimi napita pembeni. Nikaficha mikono kwenye kitenge.

"Apana, baba watoto. Ni mwiko."

"Mwiko ni ya mutu mwenye atarudia kuvua," akasema taratibu. "Mi sitarudia tena. Vuta we."

Kwamba hatapona, hatukuwa tumelisema neno hilo nyumbani, si mimi, si yeye, si mdogo wake. Nikaupokea uzi. Nilivuta huku nalia, nikimwomba Mungu ukatike, ili tubaki na sababu ya kurudi pale. Haukukatika.