Mashine ya Pembe na Kuta za Magomeni

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kununua mashine ya kukata pembe isiyoweza kutoka karakana. Ufundi nimejifunza kwenye video za simu, na humo mashine kubwa huteleza juu ya mbao kama inakata keki. Nikaitaka hiyohiyo. Tuliiinua watu wawili, ikakaa mezani pale karakanani kwangu, mtaa wa Gerezani, nami nikakaa nayo.

Kisha mjane mmoja wa Magomeni akanipa kazi ya kuzungushia mikanda ya mbao chini ya kuta. Nilipima urefu kwake, nikakata karakana, nikarudi. Kila mkanda nyuzi arobaini na tano kamili, na kila kona ikaacha mwanya. Nikakata upya. Mwanya uleule. Sebule ile ikanifunga: kuimaliza siwezi, kuikimbia naona aibu.

"Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "kona hizi zikishindikana, vyumba vilivyobaki nampa fundi mwingine. Usininunie."

"Mama, nimekata sawasawa kabisa."

"Wewe sawasawa. Ukuta je? Marehemu aliijenga nyumba hii kwa macho. Humu hakuna kona iliyo skwea, hata kabati limekaa upande."

Akacheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Pembe za kuta sikuwahi kuzipima hata moja. Nilihitaji mashine ya kubeba, nikate palepale.

Kariakoo, winga akanidaka kabla sijavuka barabara. Winga kazi yake ni kukupeleka dukani na kupata chake juu ya bei.

"Bosi, hii OG, orijino kabisa!"

"Na ile ya bluu?"

"OG pia."

"Na ile kubwa?"

"Hiyo OG zaidi!"

Duka lilikuwa jembamba, maboksi hadi darini, winga mgongoni mwangu. Nikaomba kila mashine iwashwe. Nikatikisa vichwa vya mashine, nikaweka skwea, kile kipimo cha nyuzi tisini, kwenye diski ya kukatia, nikarudia ya kwanza. Kila moja ilikuwa na kasoro, na bila mashine nisingerudi Magomeni.

"Kaka," muuzaji akasema, "unachagua mashine au mchumba?"

"Mchumba angeshaolewa na mwingine!" winga akadakia. Wateja wakaangua kicheko.

Kwa aibu nikauliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kaboni za mota, vile vipande vinavyolika ndani yake, zikiisha, nazipata wapi? Kwa ile ya OG zaidi, muuzaji akasema lazima ziagizwe. Kwa ile ndogo yenye diski ya inchi kumi, isiyoteleza, akanyoosha kidole ukutani. Zilining'inia pale pamoja na diski zake. Niliiinua kwa mkono mmoja. Kichwa hakikucheza. Alama yake ya nyuzi ilikosea kidogo sana, kiasi ambacho zamani kingenirudisha nyumbani mikono mitupu. Nikaichukua.

Magomeni niliiweka barazani. Nikakata vipande vibovu, nikavijaribu kwenye kona, nikasogeza pembe hadi mwanya ukafunga, namba isome inavyotaka. Mjane akapitisha ukucha kwenye kiungo.

"Haupenyi," akasema. "Haya, hamia chumbani."

Mashine kubwa nimeiuza. Siku hizi nakata kwenye nyumba ya mteja, na kona naipima kabla ya urefu. Wasiwasi bado ninao, lakini kazi naimaliza.