Daktari Aliyesema Dawa Haikufaulu

Habari ya kifo chake ilinikuta mpakani Horohoro nikisubiri mzigo wa maturubai: yule daktari wa vidonda hatunaye, anazikwa alasiri. Nikauacha mzigo, nikageuza gari. Wasomaji wangu mnanijua. Shule niliishia darasa la nne, lakini niambieni harusi gani ya maana Tanga hii imefana bila viti vyangu na spika zangu. Sikimbilii msiba wa kila mtu. Huyu nilimkimbilia.

Tulijuana Mwera, kwenye hafla ya kufunga utafiti wa dawa ya kupaka vidonda vya kisukari. Kampuni iliyoitengeneza ndiyo iliyogharamia utafiti, pilau na spika zangu. Mwakilishi wao akatangaza kuwa dawa ni salama, watu wakapiga makofi. Bibi mmoja mwenye bendeji mguuni akauliza, “Sasa itauzwa lini? Mie ile ya hospitali nimeiacha, naingoja hii.” Daktari, aliyeusimamia utafiti, akachukua kipaza sauti. “Shikamoo, bibi. Usiingoje. Madhara haina, lakini haikuponya zaidi ya ile ya hospitali. Irudie leo, usije ukakatwa mguu.”

Mwakilishi akanijia mbio. “Bosi, zima mashine! Hayo hatujaruhusu yatoke.”

“Haizimwi.”

“Sisi ndio tuliokulipa!”

“Mmekodi, ndugu yangu. Hamjanunua.”

Akamfuata daktari, akamnong’oneza, lakini spika zangu hazifichi kitu: “Endelea uone kama utafiti ujao utausimamia wewe.” Daktari akamjibu kwenye kipaza sauti kilekile: “Mlilipia kazi. Majibu ni ya hawa waliotoa miguu yao ijaribiwe.” Bibi naye akadakia, “Mwache aseme, we baba! Mguu wangu huu, si wako!”

Na kweli, utafiti mwingine wa kampuni ile hakupewa. Sisemi kampuni zisitoe fedha. Dawa haijaribiwi kwa dua tupu, na mimi mwenyewe nimejengewa nyumba na fedha za wenye shughuli. Lakini mwenye fedha akianza kuchagua majibu yapi yasikike, anayeumia ni mgonjwa anayengoja dawa isiyomsaidia huku kidonda kinachimba. Mkiitwa kwenye utafiti, ulizeni nani anagharamia. Kisha ulizeni: dawa ikishindwa, nani atarudi kutuambia? Wakikosa mtu wa kumtaja, nyanyukeni mwende zenu.