Jumatatu za Kuosha Brashi za Mama

Juzi nilishuka mjini, Sakina, kupeleka ndizi kwenye genge ninalouzia. Jirani na genge hilo kuna saluni ya kupamba maharusi, na mlango ulikuwa wazi. Binti mmoja alimaliza kumpaka mteja poda, akaikamua sponji yake, akaitumbukiza ikiwa imelowa kwenye kipochi cha plastiki pamoja na brashi zote, akavuta zipu. Basi, hicho tu. Lakini nilibaki nimesimama na mkungu kichwani mpaka mwenye genge akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Ni mama aliyenijia.

Mama alikuwa mpambaji huku kwetu Olmotonyi, wakati ambapo bi harusi alipambiwa chumbani kwao, amekaa kwenye kigoda, mashangazi wakichungulia na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Jumamosi mama alipamba, Jumapili tulikwenda ibadani, na Jumatatu baada ya shule tuliosha brashi. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu wa kike, kisha wa mwisho, wa kiume, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea na kazi yake ilikuwa kumwaga maji. Baba alikuwa ameshatangulia mbele za haki.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kwenye beseni lisilooshewa kitu kingine, na sabuni ya mtoto. Brashi unaizungusha kiganjani nywele zikitazama chini, maji yasipande kwenye shingo ya bati, maana gundi ikilowa nywele zinang'oka na kubaki shavuni kwa mtu. Sponji unaikamua mpaka maji yatoke meupe. Ukiona kidoa cheusi ndani, unaitupa, hata kama imenunuliwa juzi. Mama hakuwa na mjadala kwenye hilo. "Wewe ungekula na kijiko alichokula mwenzako jana, hakijaoshwa?" alituuliza, nasi tukacheka kwa kinyaa.

Kukausha kulifanyika kwenye kichanja cha bibi, kile cha waya alichoanikia kahawa. Tulizilaza pembeni, kivulini mwa migomba, nywele zikining'inia nje ya ukingo ili upepo upite. Bibi alilalamika kila wiki.

"Kahawa yangu ikinuka poda, mnunuzi nimwambie nini?"

"Mwambie inakwenda sendofu, inaagwa kama bi harusi, mama," mama alijibu, na bibi akageuka ili tusimwone anacheka.

Zikikauka, kila brashi iliingia kwenye mfuko wake katika kitambaa cha kitenge alichokishona mama mwenyewe, kikaviringishwa na kutundikwa msumarini chumbani, mbali na moshi wa jiko. Sponji hazikulala nazo. Zilikaa kwenye kikapu cha matundu, zimefunikwa chandarua safi. "Kitu kibichi usikifungie, kitaota ukungu," alisema. Mwezi wa saba, mawingu ya mlima Meru yaliposhuka hadi kwenye mabati na nguo zikakataa kukauka, tulizigusa sponji asubuhi na jioni kama anavyoguswa mtoto mwenye homa. Ndipo tukala loshoro yetu, mahindi na maziwa mgando, mikono bado ikinukia sabuni.

Kisha kifua kikamshika mama. Tangu alipoanza kukohoa hakuzigusa tena brashi zile. Nilipamba mimi, yeye akinielekeza akiwa ameketi nje ya mlango, kanga mdomoni. Hilo watu hawakulitazama.

Baada ya mazishi wazee walikaa kikao. Baba mdogo, mtu wa haki kabisa, alisema watoto watabaki nyumbani nami iwapo kazi ya mama itatulisha. "Tuone harusi za Desemba," alisema. "Zikipita na mnakula, hakuna atakayewahamisha." Nikaacha shule. Nilijua kazi, mkono wangu ulikuwa mwepesi, na Desemba huku kwetu hakuna Jumamosi isiyo na ngoma.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa kanisani kwetu, binti yake anaolewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni sana."

Nilimfungulia kile kitenge. Aliangalia, hakusogea.

"Hizi si ndizo alizotumia marehemu?"

"Ndizo, mama. Nimeziosha jana, zikakauka vizuri. Nusa mwenyewe."

"Hapana, mwanangu. Mimi sina neno. Ila unajua watu."

Aliacha mkungu wa ndizi mlangoni, akaenda. Kuanzia hapo hata wa kuuliza hakuja. Brashi mpya sikuwa na uwezo nazo, na sidhani zingesaidia. Desemba nzima nilisikia matarumbeta yakipita barabarani kwenda kwa wengine. Na kila Jumatatu niliosha brashi ambazo hazikumgusa mtu, nikaanika, nikakunja, nikatundika. Sikujua kingine cha kufanya.

Januari mdogo wangu wa kike alikwenda Nduruma kwa baba mdogo. Wa mwisho alichukuliwa na shangazi, Moshi. Alilala njia nzima, nimeambiwa, kwa hiyo hakulia.

Bibi naye tumeshamzika. Kahawa iling'olewa, nusu ya shamba ikauzwa, miti ya kichanja ikawa kuni. Mimi nimebaki na nyumba, nafagia, napaka chokaa kila Krismasi, nilidhani nikiitunza watarudi. Watu husema nina moyo. Sijui moyo umenisaidia nini.

Pasaka iliyopita yule wa mwisho alikuja kunitembelea, kijana mrefu mwenye ndevu changa. "Shikamoo dada," alisema, akakaa ukingoni mwa kiti. Alisifu chai. Tulizungumza habari za mvua. Baadaye akasimama na kuniuliza, kwa adabu nzuri aliyofundishwa huko, choo kiko upande gani.

Alizaliwa katika nyumba hii. Nilinyanyuka, nikamwonyesha njia.