Naomba Urudie, Daktari

Mimi sisamehe. Naanza na hilo ili msije mkanitafutia huruma mwishoni. Nimekaa kwenye dirisha la maabara ya hospitali hii miaka kumi na saba, napokea chupa za damu, za mkojo na za vitu vingine ambavyo sitavitaja mtu akiwa anakula. Katika miaka hiyo nimetukanwa na watu wengi, na wote nawakumbuka kwa sura na kwa siku. Hapa kila mtu ananiita Shangazi, ingawa kaka zangu wote wawili hawana mtoto hata mmoja wa kuniita hivyo.

Lakini habari hii si yangu, ni ya Jicho. Jicho ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya hospitali, na jina hilo tulimpa wiki ya kwanza alipoajiriwa, baada ya kuona vijidudu kwenye kioo ambacho wakubwa zake wawili walishakipitisha kuwa safi. Hakuringa. Aliwasogezea hadubini tu, akasema, "Tazameni pale pembeni," kisha akaenda kuosha mikono.

Hapa kwetu kuna utaratibu mmoja ambao hauna mjadala. Jibu la kawaida linapelekwa wodini kwenye karatasi, pamoja na mengine, kwa zamu. Jibu la hatari, lile ambalo mgonjwa anaweza kufa nalo karatasi ikiwa bado njiani, linapigiwa simu. Ukishalisoma, unamwambia aliyepokea, "Naomba urudie." Anakurudishia namba ile ile kwa mdomo wake, nawe unaandika kwenye daftari jekundu: jibu gani, kapokea nani, amerudia au hakurudia, saa ngapi. Tumezoea mpaka majumbani. Mimi nikimtuma mume wangu dukani, namrudisha mlangoni arudie.

Mtu mmoja tu hakutaka kurudia, daktari wa Wodi ya Tatu. Sisi tulimwita Mtukufu, si kwa heshima. Ukimpigia alikuwa anasema, "Sina muda wa kuimbishwa kama mtoto wa chekechea. Tuma karatasi." Kisha anakata.

Siku moja Jicho alimfuata wodini kwa miguu, na jibu mkononi. Mtukufu alimsikiliza akiwa amempa mgongo, kisha akageuka mbele ya wauguzi na ndugu wa wagonjwa. "Wewe ni fundi wa mikojo," akasema. "Ukitaka kunifundisha kazi, kasome udaktari kwanza." Waliocheka walikuwa wanne, na majina yao ninayo.

Jicho alirudi macho makavu. Alisimama kwenye sinki, akaosha mikono mpaka nikamwambia, "Mwanangu, maji hayo ya hospitali yanatosha."

"Shangazi," akasema, "nitasoma. Nitarudi hapa na koti refu kuliko lake, na atanisikiliza akiwa amesimama wima."

Nilifurahi kupita kiasi. Mtu mwingine angemwambia aache, amwachie Mungu. Mimi nilimvutia kiti.

Vyuo vya kwetu vilimkataa mara mbili, wakasema aliyesomea maabara hana njia ya kuingilia udaktari kwao. Ndipo akaomba nje, vyuo sita, nchi tatu. Fomu zao zilimwita mwombaji wa kimataifa. Mama yake alipolisikia neno hilo alilitembeza mtaa mzima, kisha akakata kitambaa cheupe na kumshonea koti la daktari, refu, mifuko mitatu. Akalitundika kwenye msumari juu ya cherehani. "Hulivai," alimwambia, "mpaka uitwe."

Sasa sikilizeni ubaya ulipoingilia. Kila chuo kilitaka barua ya daktari aliyeiona kazi yake kwa miaka miwili au zaidi. Madaktari wengine wote hapa huja na kuhamishwa kabla hawajajua choo kilipo. Aliyekuwepo ni Mtukufu peke yake. Jicho alimeza kiburi, akaenda. Mtukufu alicheka kwanza, "Wewe? Udaktari? Tena nje?" Kisha akasema lete, nitaandika. Jina lake likaingizwa kwenye fomu zote sita, na likishaingizwa halibadilishwi. Baada ya siku tano Jicho alimuuliza kwenye korido. "Nimeshatuma zote," akasema bila kusimama.

"Asante sana, daktari," Jicho akajibu, na kidogo apige magoti.

Tukaanza kusubiri mialiko ya usaili. Ofisi za wenzetu hao hufunguliwa wakati huku kwetu jua limeshapinda, kwa hiyo saa yetu ya roho juu ilikuwa saa tisa alasiri. Simu ya Jicho ilikaa kwenye droo ya glovu. Saa tisa kamili anavua glovu, ananawa, anafungua droo, anatazama, anafunga. Na kila siku, saa tisa na robo, mama yake anapiga na swali moja: "Wenyewe wamejibu?" Bado, mama. "Haya, koti lipo."

Tulijiliwaza kwa kupanga kisasi. Nyuma ya boksi la vitendanishi, zile dawa za kupimia, Jicho aliandika atakachomfanyia Mtukufu siku atakayorudi akiwa daktari. Kwanza, kumpita bila salamu. Pili, kumwita fundi. Mimi nikaongeza la tatu, kumkanyaga mguu na kuomba radhi kwa sauti kubwa. Wiki zikaenda, orodha ikafika kumi na nne, na mwaliko hakuna. Jicho akaanza kukonda. Akawa anajiuliza kama ni matokeo yake, kama ni Kiingereza chake, kama ni nchi yake. Alijilaumu kwa kila kitu mpaka urefu wake.

Kisha majibu yakaja, matano ndani ya wiki moja, na yote yalisema kitu kimoja: faili lako limefungwa, barua ya daktari haikufika.

Alinisomea la tano, kisha akakaa sakafuni kati ya friji na ndoo.

"Sikumwambia arudie," akasema. "Shangazi, namwambia kila mtu arudie. Yeye nikamwambia asante."

Nilitaka kwenda Wodi ya Tatu na kiti. Jicho alinizuia, akaenda mwenyewe mikono mitupu. Mtukufu hakukana hata kidogo. "Nilijua utachoka njiani," alimwambia. "Ningejisumbua nini?" Kikabaki chuo kimoja, cha sita, ambacho mlango wake ulikuwa unafungwa baada ya siku kumi. Jicho akamwomba tena, kwa adabu, akaambiwa tutaona.

Siku ya saba kati ya zile kumi, saa nne asubuhi, nilipokea damu ya Wodi ya Tatu, kitanda namba tisa, mwanamke wa miaka sabini na moja. Jina la ukoo nililisoma mara mbili. Alikuwa mama mzazi wa Mtukufu, kalazwa usiku uliopita na mwanawe mwenyewe kwenye wodi yake mwenyewe.

Jicho aliipima. Potasiamu ilikuwa juu mno. Akaikagua damu kama haikuharibika kwenye chupa, akaipima tena, ikatoka vile vile, saba nukta nne. Kwa namba hiyo moyo unaweza kusimama mtu akiwa anaongea nawe. Akainua simu. Nilikaa karibu nikasikia yote.

"Daktari, ni maabara. Jibu la hatari, kitanda cha—"

"Tuma karatasi." Akakata.

Akapiga tena. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.

Tukatazamana. Karatasi za asubuhi zilikuwa zinaondoka saa tano na nusu. Na aliyeagiza karatasi alikuwa yeye, kwa mdomo wake, nami shahidi. Tungeandika kwenye daftari: alipigiwa, hakurudia. Hakuna ambaye angetugusa. Sitawaficha nilichomwambia mtoto wa watu.

"Kasema tuma karatasi," nikamwambia. "Tuma karatasi. Njoo tunywe chai."

Jicho alilichukua daftari jekundu. Msidhani alisukumwa na huruma, kwa sababu alinijibu hivi:

"Huyo bibi hajanitukana. Na huyu mwanawe namtaka mzima, Shangazi, mwenye akili zake zote. Mtu mwenye msiba nitamlipiza nini?"

Akatoka mbio na daftari kwapani. Nikamfuata nikiwa nimeacha dirisha wazi, mara ya kwanza katika miaka kumi na saba. Mtukufu alikuwa katikati ya wodi, na wale wauguzi wamemzunguka.

"Nimesema karatasi!"

"Kitanda namba tisa," Jicho akasema. "Mama yako. Potasiamu saba nukta nne, nimeipima mara mbili. Naomba urudie, daktari."

Nimewahi kuona watu wakipauka, ila si namna ile. Aligeuka akatazama kitanda namba tisa.

"Naomba urudie."

"Saba," akasema. "Saba nukta nne."

"Kitanda?"

"Namba tisa. Mama yangu."

Jicho akatazama saa ya ukutani, akaandika, akafunga daftari. "Asante, daktari. Mwahi mama yako." Wauguzi walikuwa wameshaanza kukimbilia dawa. Hakucheka hata mmoja.

Bibi alipona. Nasikia alikuwa anaulizia uji kabla jua halijazama.

Siku ya tisa Mtukufu alikuja dirishani kwangu. Sikumkaribisha kiti, ingawa kiti kilikuwepo, nilikiwekea mkoba wangu. Akasema anashukuru, na ile barua ataituma.

"Lini?" Jicho akauliza.

"Leo."

"Naomba urudie."

"Leo. Nitaituma leo."

"Hapana, daktari. Utaituma hapa."

Nikamgeuzia kompyuta yangu. Akaandika kwa vidole viwili, amesimama, ameinama kwenye dirisha dogo kama anayekojolesha paka. Watu wenye chupa zao walipanga mstari nyuma yake, nami niliwaambia wavumilie, daktari ana kazi. Alipomaliza, Jicho akamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Alipofika kwenye "ni mtumishi mtiifu", Jicho akamkatiza.

"Futa mtumishi mtiifu. Andika nilichofanya."

Akafuta. Akaandika kwamba binti huyu alileta jibu la hatari kwa miguu baada ya daktari kukata simu, na kwamba daktari huyo alikuwa yeye. Hapo vidole vilisimama. Jicho alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile na kuliweka mbele yake. Akamalizia. Akabonyeza. Jicho akasubiri mpaka chuo kikajibu kwamba barua imepokelewa, ndipo akamruhusu kwenda.

Nikasema hicho ndicho kisasi, kimeisha, tuchane lile boksi. Jicho akakataa. "Orodha ibaki," akasema.

Tukarudi kwenye saa tisa yetu. Wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita. Droo inafunguliwa, droo inafungwa. Wenyewe wamejibu? Bado, mama. Koti lilishaanza kushika vumbi mabegani, mama yake akalifua na kulitundika upya.

Wiki ya saba, Jumanne, saa tisa na dakika kumi, kwa kuwa foleni ilimchelewesha, Jicho alifungua droo na hakuifunga. Alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena huku kidole kikitembea kwenye kioo cha simu. Kisha akanisomea mimi: wameisoma kazi yake na barua ya daktari wake, wanamwalika kwenye usaili, wiki mbili zijazo.

Nilipiga kelele mpaka mgonjwa mmoja akamwaga mkojo wake. "Mpigie mama yako!" nikamwambia. "Mpigie sasa hivi!"

"Mama atasubiri," akasema. "Kashazoea."

Akairudisha simu yake kwenye droo ya glovu, akalivuta daftari jekundu, akainua simu ya maabara. Nikajua anampigia nani, nikabonyeza kitufe cha sauti ili na mimi nile chakula hicho.

"Wodi ya Tatu." Alikuwa yeye.

"Daktari, ni maabara. Nina jibu."

"La kitanda gani?"

"Langu. Mwaliko wa usaili umefika. Chuo cha udaktari." Akavuta pumzi. "Naomba urudie, daktari."

Nilisikia troli ikipita kule wodini, na mtu akiita muuguzi. Hapo hapo droo ya glovu ikaanza kutetemeka. Saa ya ukutani ilisema tisa na robo. Jicho aliisikia, nilimwona akiisikia. Alikaza kalamu na hakugeuka.

"Mwaliko wa usaili umefika," Mtukufu akasema polepole. "Chuo cha udaktari."

"Asante, daktari."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: aliyepokea, daktari wa Wodi ya Tatu, amerudia, ndiyo. Kwenye nafasi ya saa akaandika tisa na robo, akaipigia mstari chini mara mbili. Uso wake ulikuwa umeshiba. Nami ndiye niliyemlisha hayo tangu ile siku ya sinki, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu. Kidogo tu, msinielewe vibaya.

Droo ilikuwa bado inatetemeka. Nikaifungua, nikapokea mimi.

"Wenyewe wamejibu?" mama yake akauliza, na cherehani ikilia nyuma yake.

"Simamisha mashine, dada," nikamwambia. "Ushushe na hilo koti." Nikambandika Jicho simu sikioni, nikamnyang'anya daftari.