Ingawa Bila Lakini

Barua ile niliiandika kwa siku tatu. Ghala moja la viungo kule Shimanzi lilitaka mtu wa kuandika lebo za katoni, na barua ya kuomba kazi ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nane. Kuandika naandika, ila polepole, na kusema mbele ya watu ndiyo shida yangu kubwa. Kazi ile niliitaka sana.

Bibi akamwita jirani yetu wa ghorofani, mama wa bara aliyestaafu ukarani bandarini. Aliketi barazani akasoma mpaka akafika kwenye sentensi niliyojivunia: "Although I stopped in class eight, but I write well." Akalikata "but" kwa kalamu nyekundu.

"Kiingereza hakitaki yote mawili," akasema. "Ukishaweka although, but lipumzike. Moja linatosha kuunga."

Bibi alikuwa akichambua mchele. "Pamesemwaje hapo?"

Nikamfasiria: ingawa niliishia darasa la nane, naandika vizuri.

"Na lakini yake iko wapi?"

"Imekatwa, bibi."

"Ah, mwenzangu! Umeiacha sentensi mguu juu. Msomaji si atangoja mpaka magharibi?"

"Wenye lugha yao hawangoji, mama," jirani akajibu. Wakacheka wote wawili hadi mchele ukamwagika.

Jirani akaniandikisha sentensi nyingine kumi za although. Kila mara mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye but, naye akanigonga kidole kwa kalamu. "Tena!" Bibi akaninong'oneza, "Usijali. Hiyo lakini nimekuwekea mimi."

Wiki iliyofuata nikaitwa ghalani. Mwenye ghala, mzee mpole wa kanzu, aliishika barua yangu akaifasiri kwa Kiswahili, taratibu: "Ingawa niliishia darasa la nane..." Akanyamaza, akanitazama.

Nilijua anachongoja. Ni kile kile alichokitaka bibi.

"Lakini naandika vizuri," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Polepole, lakini vizuri."

Akanisukumia katoni na kalamu ya wino. Nikaandika ILIKI, herufi moja moja, huku jasho likinitoka. Akaisoma.

"Njoo Jumatatu, mwanangu."

Nyumbani bibi hakuniuliza habari ya mshahara. Aliuliza kama lakini ilihitajika.

"Ilihitajika, bibi."

Magoti yake mabovu, lakini alizipanda ngazi zote mwenyewe kwenda kumwambia jirani.